Kizimba cha nyoka kinachostahimili usiku wa Juni: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Lubumbashi

Mwenye kutaka kufuga nyoka mjini Lubumbashi kwa kawaida huanza kwa kuuliza nyoka huyo anakula nini na kama anauma. Swali linaloamua kama mnyama ataishi au atakufa huja nyuma sana, nalo ni hili: atalala wapi usiku wa mwezi wa sita? Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Julai, anga likiwa halina wingu hata moja, joto la alfajiri hushuka chini ya nyuzi 10. Sisi hujifunika blanketi mbili tukangoja jua. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Mwili wake huwa na joto la mahali alipo, na baridi ikizidi tumbo lake huacha kufanya kazi, panya aliyemezwa huanza kuoza kabla ya kusagwa, na mapafu hushikwa na maradhi ambayo dalili yake ya kwanza ni mdomo ulioachama na mapovu puani.

Kwa sababu hiyo, kila kipimo kilichomo humu kimewekwa kwa kufikiria usiku mbaya kuliko wote wa mwaka, yaani usiku wa baridi ambao umeme nao umekatika. Wanaofuata miongozo iliyoandikiwa nchi ambazo umeme haukatiki hupewa majibu mazuri ya maswali ambayo si yetu.

Kwanza ujue unamjengea nani

Ukubwa wa kizimba na kiasi cha joto hutegemea aina ya nyoka, kwa hiyo usikate ubao wowote kabla ya kuamua. Kwa anayeanza, aina mbili ndizo zinazofaa kufikiriwa. Ya kwanza ni nyoka wa nyumbani, wa jamii ya Boaedon, mwenye rangi ya kahawia na mistari miwili iliyopauka kila upande wa kichwa. Hana sumu, hula panya, mara chache hupita mita moja, na ni mwenyeji wa Katanga, ambako hupenda mashimo ya panya, magofu na vichuguu. Ya pili ni chatu mdogo anayeitwa Python regius, ambaye wenzetu wanaosema Kifaransa humwita chatu wa kifalme. Asili yake ni ukanda unaoanzia Senegali hadi Uganda, naye mara nyingi huishia kati ya mita 1 na mita 1.5. Huyu wa pili anahitaji joto zaidi kuliko wa kwanza, jambo ambalo hapa kwetu linageuka kuwa gharama.

Chatu mkubwa, yule anayepita mita 4, hafai kuwekwa katika kizimba chochote kinachoelezwa hapa. Anahitaji chumba kizima chenye mlango wa chuma, na mtu anayefikiria kumfuga nyumbani penye watoto ningemshauri aache wazo hilo. Swila, kifutu na nyoka wengine wenye sumu hawamo kabisa katika mjadala huu.

Usimkamate nyoka porini ukamfanya wa nyumbani. Kuna sababu ya sheria: chatu wote wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilijiunga nao mwaka 1976, na uhifadhi wa viumbe unasimamiwa na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Ofisi ya ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi, ndiyo ya kuuliza kuhusu vibali, na swali hilo huulizwa kabla ya kumpata mnyama. Kuna pia sababu ya uhai wako: katika udongo wetu anaishi nyoka mwembamba mweusi wa jamii ya Atractaspis, ambaye asiyemjua humdhani nyoka asiye na madhara. Hakuna namna salama ya kumshika kwa mkono, kwa kuwa huchoma kwa jino linalochomoza pembeni hata mdomo ukiwa umefungwa, na hata kushikwa shingoni hakumzuii.

Jambo moja zaidi kabla ya kumwita seremala. Katika lupango moja, yaani ua mmoja wa nyumba, huishi familia tatu au nne, na nyoka aliyefichwa katika nyumba ya mtu huzaa maneno. Michoro ya mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki aliyezungukwa na nyoka, iliyotundikwa katika sebule nyingi za mji huu miaka ya 1970, ilikuwa ikisimulia habari ya utajiri wenye masharti mazito, na simulizi hiyo haijafa. Waeleze majirani mapema, waonyeshe kizimba kikiwa bado kitupu, na uwaache washike kufuli kwa mikono yao. Nyoka anayejulikana na lupango nzima humletea mwenyewe matatizo machache kuliko nyoka wa siri.

Mahali pa kukiweka

Chagua ukuta wa ndani, usiopigwa na upepo wa kusi, mbali na dirisha. Jua la asubuhi likipenya kupitia kioo linaweza kupandisha joto la kizimba kwa muda mfupi mpaka nyoka afe, hata katika mwezi wa baridi, na wengi hawaliamini hilo mpaka limewapata. Usikiweke karibu na dari ya nyumba ya bati isiyo na silingi, kwa kuwa mwezi wa kumi huko juu huwa tanuri. Usikiweke sakafuni pia: saruji hunyonya joto usiku kucha. Meza yenye kimo cha sentimita 50 hadi 70 inatosha.

Jikoni hapafai kwa sababu ya moshi wa makala, yaani makaa. Nitalirudia hili kwa mapana tutakapofika kwenye joto.

Kukata mbao

Karatasi moja ya tripleksi (plaiwudi) ya milimita 18 ina sentimita 244 kwa 122, na kwa bahati njema vipimo hivyo vinaingia karibu kikamilifu katika kizimba cha nyoka mmoja aliyekomaa. Mwombe seremala aigawe karatasi katikati kwa urefu na katikati kwa upana, kisha asawazishe kila kipande kiwe sentimita 120 kwa 60. Utapata vipande vinne. Kimoja ni sakafu, kimoja ni paa, kimoja ni mgongo, na cha nne kinakatwa katikati kutoa pande mbili za 60 kwa 60. Mgongo upunguzwe hadi sentimita 116.4 ili ukae katikati ya zile pande mbili, kwa kuwa kila upande unachukua milimita 18. Mbele hubaki wazi kwa ajili ya kioo. Ndani utakuwa na nafasi ya sentimita 116 kwa 58, na kimo cha 60.

Seremala wa mtaani atataka kuunganisha kwa misumari kwa sababu ni haraka. Msihi atumie skrubu na gundi ya mbao, kwa kuwa tripleksi inayopata joto na unyevu kila siku hucheza, na misumari hulegea ikaacha nyufa. Nyoka mchanga wa nyumbani hupita katika ufa ambao wewe usingepitisha kalamu.

Nunua pia nusu karatasi. Humo hutoka ubao wa mbele chini wenye kimo cha sentimita 10, unaozuia matandiko yasimwagike mlango unapofunguliwa, ubao wa mbele juu wa sentimita 6, na kipande cha sentimita 60 kwa 58 ambacho kitakuwa ukuta wa kutenga chumba cha joto. Chumba hicho ndicho moyo wa kizimba chote. Kwa nyoka wa nyumbani kinakaa ndani, upande mmoja, na upana wa sentimita 20. Nyoka hubakiwa na karibu sentimita 94, ambazo zinamtosha kujinyoosha. Kwa Python regius nafasi hiyo haifai kupunguzwa, kwa hiyo chumba cha joto hujengwa nje ya ubavu wa kizimba kama kisanduku kilichobandikwa, na ubavu huo hutobolewa.

Ukuta wa kutenga ukatwe madirisha mawili mapana, moja chini na moja juu, yote yafunikwe kwa wavu wa waya wa kuzuia mbu uliobanwa kwa vipande vya mbao pande zote nne. Hewa yenye joto itaingia kwa nyoka kupitia dirisha la juu na iliyopoa itarudi kupitia la chini, bila nyoka kuweza kugusa taa wala waya. Nyoka akipata kitu cha moto hujilaza juu yake mpaka ngozi inaungua, kwa kuwa hisia yake ya joto haimwondoi kwa haraka kama yetu. Makovu ya tumbo kwa nyoka wa kufugwa mara nyingi yana asili hiyo.

Matundu ya hewa ya nje nayo yana mpangilio wake. Toboa safu moja chini, kwenye ubavu wa upande wa baridi, na safu nyingine juu mgongoni, upande wa joto; hewa itatembea kizimba kizima kabla ya kutoka. Matundu ya milimita 6 yanatosha, mradi kila safu ifunikwe na wavu kwa ndani.

Kwa mlango, vioo viwili vya milimita 5 vinavyoteleza katika njia za aluminiamu ni rahisi kupata kwa mafundi wa vioo. Vipishane kwa sentimita 4 angalau, na katika upenyo uliopo kati ya kioo na kioo ubandike ukanda mwembamba wa mpira. Upenyo huo ndio mlango wa pili ambao mafundi huusahau. Mimi mwenyewe niliusahau mwingine: katika kizimba changu cha kwanza niliacha tundu la waya lenye upana wa kidole gumba, nikijiambia nitaliziba kesho. Nyoka alipatikana siku ya tatu, amejikunja nyuma ya firigo juu ya mota, mahali pekee palipokuwa na joto katika nyumba nzima. Kama ungetaka ushahidi kwamba nyoka hutafuta joto kuliko anavyotafuta uhuru, ndio huo.

Pande za ndani zipakwe vanishi ya maji mara tatu, na viungo vyote vizibwe kwa silikoni ya vioo vya samaki, isiyo na dawa ya kuua ukungu. Baada ya hapo kizimba kikae wazi wiki mbili. Silikoni inayokauka hunuka kama siki. Maadamu pua yako bado inaipata harufu hiyo, mapafu ya nyoka hayajawa tayari kwa nyumba hiyo.

Nyoka wachanga hawahitaji ukubwa huu, na wengi hukataa kula wakiwekwa mahali papana. Sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana, urefu wa sentimita 40 hivi, linawafaa kwa miezi ya mwanzo. Matundu yatobolewe kwa msumari wa moto kutoka ndani kwenda nje, ili kingo kali za plastiki zibaki nje.

Joto, na namna ya kulilinda umeme ukikatika

Nyoka anahitaji kizimba chenye joto lisilo sawa, upande mmoja moto na mwingine baridi, ili yeye mwenyewe ahame kadiri mwili wake unavyotaka. Kwa nyoka wa nyumbani, upande wa joto uwe nyuzi 28 hadi 30 na wa baridi 22 hadi 24. Usiku anavumilia 20. Kwa Python regius, upande wa joto uwe 30 hadi 32, wa baridi 25 au 26, na usiku usishuke chini ya 24.

Ndani ya chumba cha joto funga kipasha joto cha kauri cha wati 60, kile kisichotoa mwanga, katika soketi ya kauri. Soketi ya plastiki huyeyuka. Kiwe katikati ya chumba hicho, mbali na mbao kadiri nafasi inavyoruhusu. Ukikikosa, balbu ya zamani ya waya wa ndani itafanya kazi hiyo, lakini uizibe kwa mkebe wa bati uliotobolewa ili mwanga usimsumbue usiku. Upande wa nyoka, mbele kabisa ya wavu, panga matofali manne ya kuchoma na juu yake uweke karo moja, yaani kigae cha sakafu. Matofali hupata joto polepole na huliachia polepole, na karo ndiyo kitanda ambacho nyoka ataweka tumbo lake baada ya kula.

Kipasha joto kisicho na temostati, kifaa cha kukizima na kukiwasha chenyewe kulingana na joto, ni hatari kuliko kutokuwa nacho kabisa. Temostati za mashine za kutotolea vifaranga zinafaa vizuri, kwa kuwa zimetengenezwa kwa ajili ya nyuzi hizi hizi. Kihisio chake kibandikwe juu ya karo kwa silikoni, mahali ambapo nyoka hawezi kukisogeza. Kikidondokea katika bakuli la maji, temostati itaamini kwamba kuna baridi na itaendelea kupasha mpaka asubuhi umkute mnyama amekufa kwa joto.

Sasa tuje kwenye delestaji, yaani kukatwa kwa umeme. Kabla ya kufikiria betri, fikiria joto linapita wapi, kwa sababu joto lisilotoka halihitaji kurudishwa. Bandika frigoliti (povu gumu jeupe la kufungashia vyombo) ya sentimita 3 nje ya mgongo, pande, paa na chini ya sakafu, ukiacha matundu ya hewa wazi. Ukishafanya hivyo, kioo cha mbele peke yake kitakuwa kinapoteza joto kuliko pande nyingine zote zikijumlishwa. Kata basi kipande kingine cha frigoliti chenye ukubwa wa kioo, na kila jioni kiegemeze mbele ya mlango kama shata ya duka. Kwa makadirio yangu, kizimba cha vipimo hivi katika chumba chenye nyuzi 16 kinahitaji wastani wa karibu wati 60 kioo kikiwa wazi, na karibu wati 30 kikiwa kimefunikwa. Kipande kimoja cha frigoliti, ambacho mara nyingi hutupwa pamoja na katoni ya televisheni, kinapunguza mzigo kwa nusu.

Wati 30 kwa saa 10 ni wati-saa 300. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu ya karatasi, lakini betri ya risasi na asidi haifai kumwagwa zaidi ya nusu, na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo hula sehemu yake. Bado usiku mmoja unapita bila wasiwasi. Betri ya ampea-saa 50 itafika alfajiri ikihema, na baada ya msimu mmoja haitafika tena.

Asiye na betri ana njia nyingine, ambayo naipenda zaidi kwa sababu haiharibiki. Bido (dumu la plastiki) la lita 5 lililojazwa maji ya nyuzi 60, yakipoa hadi 30, hutoa nishati ya karibu wati-saa 170. Mabido mawili ndani ya chumba cha joto, yakiwa yamefungwa kwa taulo kuukuu, yanatoa joto linalozidi lile lililohitajika usiku mzima. Zima umeme wa kipasha joto kwanza, kisha uyapange mabido pande mbili za soketi, yasikigusie kipasha joto hata kama umeme utarudi ghafla. Maji yasiwe yanachemka, kwa kuwa plastiki hujikunja na kifuniko huvuja. Kwangu maji huwekwa motoni wakati ugali wa jioni unaiva, na makala yale yale hufanya kazi mbili.

Hapo ndipo linapokuja lile la mbabula, yaani jiko la makaa. Usiingize mbabula yenye makala katika chumba cha nyoka, hata kwa dakika kumi, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Makala yanayowaka hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, na huua watu waliolala kabla haijamfikiria nyoka. Chemsha maji nje, uingize maji.

Mwezi wa kumi mambo hugeuka. Kabla mvua hazijaanza, chumba chini ya bati kinaweza kupita nyuzi 33 mchana. Temostati itakuwa imezima, lakini haiwezi kupoza. Siku hizo bido huingia na maji ya baridi, frigoliti ya mbele huondolewa, na kizimba husogezwa chini ikibidi.

Unyevu

Kiangazi chetu hukausha kila kitu, na hewa ya Agosti na Septemba hupasua hata midomo ya watu. Nyoka anayejivua gamba katika ukavu huo hulivua vipande vipande, na mabaki hukwama kwenye ncha ya mkia na juu ya macho. Gamba linalofaa hutoka zima, limegeuka ndani-nje kama soksi. Python regius anataka unyevu wa asilimia 50 hadi 60, na zaidi ya hapo macho yake yanapogeuka ya buluu-maziwa, dalili kwamba gamba liko njiani. Nyoka wa nyumbani anaridhika na kidogo.

Usimwagie kizimba kizima maji, kwa kuwa tripleksi itavimba. Weka upande wa joto kopo la plastiki lenye kifuniko na tundu moja la kuingilia, na ndani yake kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa. Nyoka ataingia mwenyewe akihitaji. Kitambaa kifuliwe kila baada ya siku mbili. Anayepita karibu na vichuguu virefu vya viunga vya mji huu anaona kitu hicho hicho kikiwa kimejengwa na mchwa: ganda kavu nje, na ndani unyevu na joto lisiloyumba. Ndiyo maana nyoka wa porini hukimbilia humo kiangazi.

Majira ya mvua shida huwa ni ukungu. Ondoa kopo hilo, angalia pembe za sakafu kila wiki, na ukiona madoa ya kijani au meusi, matundu ya hewa hayatoshi.

Vitu vya ndani

Maficho yawe mawili, moja kila upande, yanayofanana. Likiwa moja tu upande wa baridi, nyoka mwoga atachagua kujificha badala ya kupata joto, ataacha kula, na wewe utadhani ni mgonjwa. Ficho zuri ni lile linalombana mgongoni. Chungu kilichovunjika nusu au boksi la viatu vinatosha.

Matandiko bora kwa anayeanza ni magazeti yasiyo na rangi nyingi au katoni ya kahawia. Si mapambo, lakini kinyesi huonekana mara moja, na pia utitiri, vidudu vidogo vyeusi kama punje ya pilipili manga vinavyonyonya damu chini ya magamba. Usitumie vumbi la msumeno kutoka kwa seremala: hulijui mti gani, vumbi huingia mapafuni, na mbao zenye utomvu wa kunukia, kama msonobari na mwerezi, humdhuru nyoka.

Bakuli la maji liwe zito, la udongo au kauri, likae upande wa baridi. Tawi moja nene la mti mgumu, lililochemshwa au kuanikwa juani siku kadhaa, litapandwa usiku kuliko unavyodhani.

Wiki ya majaribio

Kizimba kikikamilika, kiwashe siku 7 bila nyoka. Weka vipimajoto viwili, kimoja juu ya karo na kingine upande wa baridi, na uandike katika daftari joto la alfajiri kabla jua halijachomoza, la adhuhuri na la usiku. Usiku mmoja kati ya hizo saba, uzime umeme kwa makusudi jioni, uingize mabido mawili, na uamke alfajiri kusoma. Kama upande wa baridi umeshuka chini ya 20, au chini ya 24 kwa Python regius, tafuta penye kuvuja: pitisha kiganja kilicholowa maji kuzunguka kingo za kioo, utasikia hewa ya baridi inapopita. Ziba, urudie. Nimewahi kurudia mara nne kabla ya kuridhika, na siku zote nne niliona haya mbele ya fundi wangu, ambaye kila mara aliniuliza: “Baba, huyo nyoka wako atalipa kodi?”

Ulinzi

Kufuli ni lazima, na ufunguo usikae penye kufikiwa na watoto. Kufuli ya vioo vya kabati za duka, inayobana kwenye ukingo wa kioo, inatosha.

Adui mkubwa zaidi wa nyoka aliyefungiwa ni siafu. Mvua zikianza, jeshi lao likipita nyumbani kila kiumbe huru hukimbia, lakini aliye kizimbani hana pa kwenda. Miguu minne ya meza isimamishwe ndani ya mikebe ya nyanya yenye maji na tone la mafuta ya kupikia juu, ambayo pia huzuia mbu kuzalia humo. Hakikisha meza haigusi ukuta na kwamba waya wa umeme haufanyi daraja. Upakwe mafuta mazito ya grisi sehemu ya urefu wa kidole.

Dawa za kupuliza mbu na koili za kuchoma zisitumike katika chumba hicho. Vyandarua vifanye kazi yao. Vidonge vya naftalini, ambavyo watu huweka pembeni mwa nyumba wakitarajia kufukuza nyoka, ni sumu kwa huyu aliye ndani, na mgeni mwenye nia njema anaweza kukuletea pakiti nzima.

Usafi na siku ya kuhamia

Kinyesi huondolewa siku kilipoonekana, maji hubadilishwa kila siku ya pili, na mara moja kwa mwezi kizimba hufuliwa chote. Javeli ya nyumbani, ile dawa ya klorini ya kung’arishia nguo, kipimo kimoja kwa vipimo kumi vya maji, inatosha. Ikae dakika kumi, isuuzwe mara mbili, na kizimba kikauke mpaka harufu iishe. Kreolini na dawa nyingine zenye fenoli haziingii humo kamwe. Nyoka akionyesha dalili za mapafu au akitapika chakula zaidi ya mara moja, mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na daftari lako la joto. Mjini petu Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha utabibu wa wanyama, na daktari atafaidika na namba zako kuliko maelezo ya mdomo.

Siku ya kumhamisha, mwingize jioni akiwa ndani ya mfuko wa pamba, fungua mdomo wa mfuko mbele ya ficho la upande wa joto, na umwache atoke kwa wakati wake. Funika kioo kwa kitambaa siku tatu. Usimshike wala usimpe chakula kwa siku 7, na panya wa kwanza awe amekufa tayari, kwa kuwa panya hai aliyeachwa usiku kizimbani humng’ata nyoka asiye na njaa mpaka kwenye mfupa. Akishakula, usimguse kwa siku mbili nyingine. Alfajiri inayofuata, kabla ya kuwasha taa ya chumba, ingiza mkono juu ya karo: ukimkuta amejilaza hapo, jioni hiyo uliipanga frigoliti vizuri.